Chanjo ya influenza chuoni: namna ya kumfikisha mwanafunzi kwenye kiti cha sindano

Mwulize mwanafunzi mwezi Septemba kama atachanjwa, atakwambia "nitaenda". Oktoba ana mitihani ya katikati ya muhula. Novemba anasafiri kwa ajili ya sikukuu ya Thanksgiving, Desemba anafunga muhula. Ikifika Februari, mwezi ambao influenza hufikia kilele Marekani mara nyingi kuliko mwezi mwingine wowote, yuko kitandani bwenini ana homa ya nyuzi 39, na mwenzake wa chumba amelala mita mbili kutoka alipo. Mwanafunzi huyo hakuwahi kuikataa chanjo. Haikutokea tu siku ambayo chanjo ilikuwa njiani kwake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa viongozi wa vyama vya wanafunzi, wahudumu wa kujitolea na wafanyakazi wa zahanati za vyuo vya Marekani, hasa wanaoshughulika na wanafunzi wa Kenya, Tanzania, Kongo na nchi jirani. Unahusu jinsi ya kufupisha njia kati ya "nitaenda" na plasta begani, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea.

Ushahidi wa jambo hili ni wa miaka mingi. Mwaka 1965 watafiti katika Chuo Kikuu cha Yale walijaribu kuwahimiza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wachanjwe dhidi ya pepopunda. Wengine walipewa kijitabu cha kutisha, wengine cha upole. Ukali wa vitisho haukuongeza idadi ya waliochanjwa. Kilichoongeza ni kitu kidogo: ramani ya chuo ikionyesha zahanati ilipo, saa zake za kazi, na ombi kwamba mwanafunzi atazame ratiba yake ya wiki achague saa ya kupita pale. Waliopewa hayo, asilimia 28 walichanjwa. Wasiopewa, asilimia 3. Na tukumbuke kwamba hao walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, zahanati walikuwa wanaijua vizuri.

Kwanza jueni mnatangaza chanjo ipi

Kampeni nyingi huandika "chanjo za msimu" na kumwacha mwanafunzi akisie. Virusi vinavyotajwa ni vitatu, na kwa kijana wa miaka 20 kila kimoja kina maelezo yake.

Influenza ndiyo ya kila mwanafunzi. Tangu 2010 Marekani inapendekeza kila mtu mzima achanjwe kila mwaka, kwa sababu virusi hubadilika na kinga hupungua. Dozi ni moja, mililita 0.5, kwenye msuli wa bega. Kinga huhitaji takriban wiki 2 kujengeka. Tangu msimu wa 2024 hadi 2025 chanjo za Marekani zina aina 3 za virusi badala ya 4, kwani ukoo wa B/Yamagata haujaonekana ukizunguka tangu Machi 2020. Katika mwaka ambao chanjo imelingana vizuri na virusi, hupunguza hatari ya kwenda kwa daktari kwa ajili ya influenza kwa asilimia 40 hadi 60. Semeni namba hiyo kama ilivyo. Mkiahidi kinga kamili, mwanafunzi wa kwanza atakayeugua baada ya kuchanjwa atawaharibia kampeni bweni zima.

UVIKO-19 una masharti zaidi. Agosti 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha chanjo za msimu huo kwa wenye miaka 65 na zaidi, na kwa walio chini ya hapo wenye angalau tatizo moja la afya linaloongeza hatari. Orodha ya matatizo hayo inawagusa wanafunzi wengi kuliko wanavyodhani: pumu, kisukari, unene uliozidi, uvutaji wa sigara, hata sonona. Sheria za famasi nazo hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Kabla ya kuchapisha bango, mpigieni simu mfamasia wa eneo lenu mwulize nani anaruhusiwa kuchanjwa na kama cheti cha daktari kinahitajika. Mwenye ruhusa anaweza kuchanjwa zote mbili siku moja, kila bega na yake.

RSV, kirusi cha tatu, kinachoshambulia njia ya hewa, si cha kumchanjia mwanafunzi mwenye afya njema. Chanjo yake ni ya wazee, ya baadhi ya watu wazima wenye maradhi, na ya mjamzito aliye kati ya wiki ya 32 na 36, kuanzia Septemba hadi Januari. Wekeni mstari mmoja tu kuihusu: aliye mjamzito aulize, na anayeishi na bibi au babu amkumbushe.

Kalenda inaanza kabla wanafunzi hawajarudi

Wauzaji hupokea oda za chanjo ya influenza miezi mingi kabla ya msimu, mara nyingi mwanzoni mwa mwaka. Chama cha wanafunzi hakinunui chanjo, lakini zahanati ya chuo hununua, na idadi itakayoagizwa hutegemea walichotumia mwaka uliopita. Mkitaka kuongeza, mkae nao Februari au Machi. Kama mtaleta famasi ya nje, zungumzeni nao Juni au Julai. Mkisubiri Septemba, wauguzi wao watakuwa wameshagawiwa makanisa, shule na ofisi.

Siku za kuchanja ziwe kati ya wiki ya mwisho ya Septemba na mwisho wa Oktoba, angalau siku 3 katika wiki tofauti. Siku moja kubwa hupendeza kwenye picha, ila mwenye maabara mchana wa siku hiyo hamtampata. Siku ya mwisho iwe angalau wiki 2 kabla ya Thanksgiving, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, ili wanaopanda ndege wawe na kinga tayari. Kisha tengeni siku nyingine Januari, wiki ya pili ya muhula. Wengi hudhani Januari wamechelewa. Hawajachelewa: kilele mara nyingi bado hakijafika.

Anayerudi nyumbani Afrika Mashariki au Kongo kwa likizo ya Desemba ana sababu ya ziada. Karibu na ikweta influenza haina msimu mmoja wa baridi kama Marekani, inaweza kuzunguka mwaka mzima. Anayetua Nairobi au Dar es Salaam na kwenda moja kwa moja kumkumbatia bibi wa miaka 80 amepita kwanza viwanja vitatu vya ndege vilivyojaa watu wanaokohoa. Achanjwe wiki 2 kabla ya safari, ikiwezekana mapema zaidi.

Tazameni pia kalenda ya dini. Msiweke meza Ijumaa wakati wa sala ya Ijumaa. Ramadhani kwa miaka hii inaangukia majira ya baridi, kwa hiyo kama siku ile ya Januari imesogea hadi kwenye mfungo, fungueni meza baada ya futari. Wanazuoni wengi wanasema sindano ya msuli isiyo lishe haivunji saumu, lakini anayetaka kungoja magharibi apewe nafasi hiyo bila mjadala.

Mahali: mpeleke muuguzi kwa wanafunzi

Mtu mzima wa afya hana sababu ya kwenda zahanati. Meza iwekwe mahali ambapo miguu ya wanafunzi inafika yenyewe: mlango wa bwalo la chakula, ukumbi wa chini wa bweni, njia ya kuingilia maktaba. Simameni pale siku moja saa za kazi mhesabu wanaopita kwa dakika 15. Ukumbi mzuri ghorofa ya tatu wanaopita watu 6 hauna faida mbele ya korido mbaya wanaopita 150.

Saa nazo zifuate maisha ya mwanafunzi. Kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri hupata wa mchana. Kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku hupata wanaofanya kazi, na wanafunzi wengi wahamiaji wanafanya kazi.

Eneo liwe na pazia au kiwambo kimoja. Msichana aliyevaa hijabu na nguo ya mikono mirefu hatakunja mkono hadi begani mbele ya foleni. Hatawaambia hivyo. Atapita tu, nanyi mtaandika kwamba hakupendezwa.

Hesabu ya meza, viti na dozi

Pangeni kwa dakika 5 kwa mtu kwa kila mchanjaji, yaani watu 12 kwa saa. Wapo wanaokwenda mbio zaidi, ila mkipanga kwa kasi hiyo mtu mmoja mwenye maswali huirudisha foleni hadi mlangoni. Wachanjaji 4 kwa saa 5 ni watu 240. Kila mtu akae dakika 15 baada ya sindano, na kwa kuwa watu 48 wanapita kwa saa, 12 watakuwa wameketi kwa wakati mmoja. Wekeni viti 15, na mkeka mmoja wa kumlaza mtu.

Watu wa kujitolea wanaohitajika ni 6: mmoja mlangoni akielekeza, wawili wa fomu na bima, mmoja wa foleni, mmoja wa eneo la kukaa, mmoja wa kubadilishana nao. Wa eneo la kukaa asiwe na simu mkononi. Kazi yake ni kutazama nyuso.

Agizeni sindano zilizojazwa tayari kiwandani badala ya chupa za dozi nyingi. Zinaokoa muda, zinapunguza makosa ya kipimo, na zisizotumika zinarudi kwenye friji kama baridi haikuvunjika. Sindano zisijazwe asubuhi kwa ajili ya mchana.

Baridi ndiyo inayovunjika kwanza

Chanjo ya influenza hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na isigande hata mara moja. Iliyoganda huwezi kuitambua kwa macho, ila imeharibika. Kosa la kawaida vyuoni ni friji ndogo ya bwenini, ile yenye kijisanduku cha barafu ndani ya mlango uleule. Karibu na kijisanduku hicho chanjo huganda, na mlangoni hupata joto kila unapofunguliwa. Mwongozo wa chanjo wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, unakataza friji ya aina hiyo kabisa, hata kwa siku moja. Dozi zikae zahanati au zije na famasi kwenye sanduku lililothibitishwa kwa chanjo, lenye kipimajoto cha kidijitali kinachorekodi.

Siku ya nje ya zahanati, safari na kazi kwa pamoja zisizidi saa 8. Mtu mmoja asome kipimajoto kila saa na kuandika saa, namba na jina lake. Sanduku lisikae juani wala kando ya kipasha joto cha ukutani, na lifunguliwe kwa dozi chache kwa mara moja. Namba ikitoka nje ya 2 hadi 8, msiitupe chanjo na msiitumie. Tengeni dozi hizo, ziandikeni "zisitumike", kisha mpigieni anayesimamia chanjo zahanati, ambaye atauliza mtengenezaji.

Pesa na makaratasi

Swali la kwanza la mwanafunzi ni "bei gani?", hata asipolitamka. Kwa sheria ya bima ya 2010, bima nyingi za Marekani hulipia chanjo ya influenza bila mwenye kadi kuchangia, mradi mtoa huduma yumo kwenye mtandao wa bima hiyo, yaani orodha ya watoa huduma inaowakubali. Hapo kwenye mtandao ndipo mambo yanapokwama. Kijana anaweza kubaki kwenye bima ya mzazi hadi afike miaka 26, lakini bima iliyonunuliwa Texas huenda isiitambue zahanati ya chuo kilichoko Ohio. Kwa huyo, famasi kubwa yenye matawi nchi nzima mara nyingi ndiyo suluhisho, na ndiyo maana kampeni nzuri huwa na vyote viwili, zahanati na famasi.

Asiye na bima ana njia tatu za kujaribu: mfuko wa chuo, idara ya afya ya kaunti, na kama bado ana miaka 18 au pungufu, mpango wa serikali wa Vaccines for Children, ambao humchanja bila kumtoza gharama ya chanjo yenyewe. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wenye miaka 17 au 18 hukosa nafasi hii kwa sababu hakuna aliyewaambia. Wa miaka 17 pia anaweza kuhitaji idhini ya mzazi, kwa kadiri sheria ya jimbo inavyosema, kwa hiyo fomu hiyo iingizwe kwenye makaratasi ya kupokea wanafunzi wapya mwezi Agosti, wakati mzazi bado anasaini kila anachopewa.

Andikeni kwenye bango maneno yanayojibu swali lenyewe: "Una kadi ya bima? Kwa bima nyingi hulipi. Huna kadi? Njoo hivyo hivyo, tutakusaidia." La pili lisiandikwe kabla hamjajua nani analipa.

Ujumbe, na tatizo la neno "mafua"

Kwa wasomaji wa Kiswahili hapa pana mtego ambao mabango ya Kiingereza hayana. Mtanzania akisikia "chanjo ya mafua" anafikiria kamasi, na hakuna mtu anayechomwa sindano kwa ajili ya kamasi. Ukimwambia "chanjo ya homa", atauliza homa ipi, malaria au taifodi. Mkenya naye "homa" kwake ndiyo hayo mafua ya kawaida. Mkongomani atasema "grippe". Bango moja lenye neno moja litasomwa kwa maana tatu. Tumieni "influenza" na mara moja mweleze: "influenza, ile homa kali ya mafua inayomlaza mtu kitandani". Elezeni pia kwamba chanjo hii haizuii kamasi za kawaida. Usipolisema hilo, mtu akipiga chafya Novemba ataona amedanganywa.

Saa nazo zina mtego. Chuoni kila kitu kimeandikwa kwa saa za Kizungu, lakini msomaji wa Kiswahili akiona "saa 4" anaweza kuja asubuhi wakati ninyi mlimaanisha jioni. Andikeni kwa maneno pamoja na namba: "saa sita mchana (12:00)".

Ujumbe wa simu uwe mfupi, uwe na jina, na useme kwamba dozi ipo na ni yake. Katika majaribio makubwa ya ujumbe wa simu yaliyofanywa Marekani na kutangazwa 2021, ujumbe uliofanya vizuri zaidi ni uliosema kwamba chanjo imewekwa akiba kwa ajili ya mgonjwa husika. Mfano:

"Neema, dozi yako ya chanjo ya influenza imetengwa. Jumatano tarehe 7 Oktoba, saa saba na nusu mchana (1:30), mlango wa bwalo la chakula. Njoo na kadi ya bima na nguo ya kukunja mkono kirahisi. Dakika 25 pamoja na kukaa. Saa hiyo haikufai? Jibu kwa saa nyingine."

Angalieni kwamba saa imeshapangwa. Katika jaribio lililochapishwa 2010, wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Rutgers waliopangiwa miadi bila kuomba, wakiwa huru kuifuta, walichanjwa asilimia 45. Walioambiwa wajipangie wenyewe, asilimia 33. Mpeni kila mtu saa, na uhuru kamili wa kuikataa.

Tumeni mara tatu tu: siku 7 kabla, jioni ya kuamkia siku yenyewe, na saa 2 kabla. Aliyekwisha kuchanjwa aondolewe kwenye orodha siku hiyohiyo. Kumkumbusha aliyekwisha kuja ndiko kunakofanya watu wafunge kundi la WhatsApp.

Zawadi husaidia ikiwa inapokelewa palepale. Jaribio lililochapishwa 2015 likiwahusisha wanafunzi wa vyuo liliona kwamba dola 30 zilipandisha uchanjaji katika zahanati za chuo kutoka asilimia 9 hadi 21, ilhali video ya wanafunzi wenzao wakiisifu chanjo haikuleta tofauti kubwa. Kama hamna dola 30 za kila mtu, chakula cha moto baada ya sindano kitavuta kuliko bahati nasibu ya kompyuta itakayochezeshwa Desemba. Fedha za kutengenezea video zihamishieni huko.

Mazungumzo mlangoni

Anayesimama mlangoni asihubiri. Asalimie, aseme neno moja la vitendo, anyamaze. "Habari kaka, dozi zipo, foleni ina watu watatu tu" inatosha kwa wengi.

Kwa mwenye shaka, ulizeni kabla ya kujibu. Anayesema "Dada, mwaka juzi nilichomwa, nikaugua papo hapo" hajasema bado kilichompata.

"Pole sana. Uliugua vipi?"

"Mwili wote uliniuma, nikalala siku nzima."

"Siku ya pili je?"

"Siku ya pili nikaenda darasani."

Hayo ni maudhi ya kawaida ya chanjo: bega kuuma, uchovu, homa ndogo, kwa siku 1 au 2. Influenza yenyewe haimwachi mtu aende darasani kesho yake. Chanjo ya sindano haina kirusi hai, haiwezi kuleta influenza. Kama aliumwa wiki nzima, yamkini alikuwa ameshaambukizwa kabla kinga ya wiki 2 haijajengeka, au alipata kirusi kingine, maana Oktoba vinazunguka vingi. Mwambieni hivyo kwa upole, kisha mwulizeni siku gani ratiba yake ni nyepesi, ili hata bega likiuma lisimharibie mtihani.

Msiishie kwenye kumsahihisha. Utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba watu wenye wasiwasi mkubwa wakirekebishwa kuhusu dai kwamba chanjo huleta influenza, waliacha kuliamini dai hilo, lakini nia yao ya kuchanjwa ikashuka. Mtu aliyeshindwa kwa hoja hutafuta hoja nyingine. Aliyesikilizwa hurudi.

Swali la nguruwe hujitokeza, na lijibiwe kwa uwazi. Chanjo ya kupuliza puani, ile ya walio na miaka 2 hadi 49, ina jelatini ya nguruwe. Kwa anayejali hilo, mpeni ya sindano, na mfamasia amwonyeshe orodha ya viambato vya aina iliyopo mezani. Ya puani pia ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo haifai kwa mjamzito wala mwenye kinga dhaifu, na mwenye pumu aongee na muuguzi kwanza. Mzio wa mayai sasa si kizuizi kwa chanjo yoyote ya influenza.

Kwenye kiti

Kabla ya sindano muuguzi anampa mwanafunzi karatasi ya maelezo ya chanjo, inayotakiwa kwa sheria ya Marekani, na kuuliza: unaumwa leo? Uliwahi kupata mzio mkali baada ya chanjo ya influenza? Uliwahi kupata ugonjwa wa Guillain-Barré, ule wa neva unaolegeza misuli, ndani ya wiki 6 za chanjo hiyo? Mwenye mafua madogo anachanjwa. Mwenye homa kali anapangiwa siku nyingine.

Mwanafunzi aketi, na mchanjaji aketi pia. Mchanjaji akisimama mbele ya aliyeketi huelekea kuchoma juu sana, karibu na kiungo cha bega, na maumivu yake huweza kudumu miezi. Nguo ishushwe au ikunjwe hadi bega lote lionekane. Mchanjaji atafute kwa kidole ncha ya mfupa wa bega, ashuke upana wa vidole viwili hadi vitatu, achome hapo kwa pembe ya nyuzi 90. Kola iliyovutwa kando ndiyo chanzo cha makosa mengi: hufichua sehemu ya juu tu, na mchanjaji huchoma panapoonekana.

Vijana huzimia kuliko wazee. Chanzo ni msukumo wa damu kushuka ghafla kwa hofu, na hatari kubwa ni kichwa kugonga sakafu. Mwulizeni kila mmoja: uliwahi kuzimia kwa sindano? Umekula leo? Aliyewahi kuzimia achanjwe akiwa amelala, na afundishwe kukaza misuli: akaze miguu, tumbo na mkono usiochomwa kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uso uhisi joto, alegeze sekunde 20 hadi 30, arudie mara 5. Mkono wa kuchomwa ubaki umelegea. Wa eneo la kukaa akiona mtu amepauka, anatokwa jasho au amenyamaza ghafla, amlaze chini na kuinua miguu yake bila kusubiri aombe.

Mzio mkali ni nadra sana, takriban mtu 1 kwa dozi milioni moja, lakini epinefrini, dawa ya dharura ya mzio huo, iwe mezani, si ndani ya mkoba wa mtu, na muuguzi ajue nani anapiga 911 na nani anasimama barabarani kuelekeza gari la wagonjwa hadi mlango sahihi. Majengo ya vyuo yana milango mingi, na hapo dakika hupotea.

Jioni, mkishafunga

Hesabuni dozi zilizoletwa, zilizotumika na zilizobaki, namba zilingane. Waliochanjwa waingizwe kwenye rejista ya chanjo ya jimbo, na kila mmoja aondoke na karatasi yake, maana anayekwenda mazoezi ya uuguzi au maabara ataulizwa. Andikeni pia idadi kwa kila saa na kwa kila bweni, pamoja na sababu za waliogeuka mlangoni, kwa maneno yao wenyewe. "Foleni", "sijui bima yangu", "nina mtihani kesho". Bweni lililotoa watu 4 kati ya 300 ndilo litakalopelekewa meza wiki ijayo, na sababu iliyotajwa zaidi ndiyo itakayorekebishwa kabla ya hapo.

Dozi nyingi za msimu huisha muda tarehe 30 Juni. Kufikia Machi mtajua zimebaki ngapi na zilipungua siku gani. Pelekeni karatasi hiyo zahanati wakati wanaandaa oda ya mwaka unaofuata.